SOMO: Kapasita ya maji ya chumvi inayorekebishika, kwa koili ya Tesla

Wakuu, swali la jinsi ya kutengeneza kapasita hii ya koili ya Tesla (mtambo wa volti nyingi unaorusha cheche hewani) nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, naliweka hapa mara moja. Kapasita ni kitunza chaji: vipitisha umeme viwili, hapa maji ya chumvi na foili, vikitenganishwa na plastiki. Hii si kapasita kuu. Unaiunga sambamba na ile kuu ili masafa (idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde) ya koili ya kwanza yalingane na ya pili bila kufumua waya.

1. Bomba jeusi la maji lenye mistari ya bluu, milimita 63, ukuta milimita 3.8, urefu sm 50.

2. Fundi bomba achomelee kifuniko chini kwa moto. Gundi haishiki plastiki hii.

3. Foili ya jikoni nje, kimo sm 30, bila mapovu. Juu zibaki sm 17 tupu.

4. Maji ya chumvi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimimina kwa kikombe, matone yakabaki ukutani. Usiku nilipowasha, mwanga wa zambarau ukatokeza mdomoni mwa bomba, kisha cheche ikavuka ukingo na kushuka hadi kwenye foili. Kesho yake nikamulika tochi ndani: mstari mweusi umepanda kutoka tone hadi tone. Ule ni mkaa, unapitisha umeme, na haufutiki. Bomba likaishia hapo. Kwa hiyo maji yashuke kwa mpira mwembamba unaofika chini kabisa. Ukuta wa juu futa kwa spiriti, ikauke kabisa kabla ya kuwasha chochote. Kisha sm 1 ya mafuta ya cherehani juu ya maji. Anza na maji machache ukiongeza; ukipunguza, chumvi inabaki ukutani na unarudi kufuta.

5. Waya wenye ganda, mwisho wake kijiko cha stainless, uzame majini.

6. Kabla ya kugusa: CHOMOA PLAGI, kisha unganisha foili na maji kwa waya uliofungwa kwenye fimbo ndefu ya plastiki. Kila mara. Transfoma ya kilovolti kadhaa inaua.

MASWALI

Mkuu, naweza kuongeza maji ikiwa inawaka?
Hapana. Hatua ya 6.

PVC ya kijivu je, ndiyo niliyonayo.
Inapata moto kwenye masafa haya. Nimeandika bomba jeusi kwa sababu.

Shikamoo kaka, niko Iringa. Jamaa yangu wa Dar anaacha sm 8 tu juu. Kwa nini wewe 17?
Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Usawa wa bahari, hewa inahimili takriban kilovolti 3 kwa milimita. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, cheche inaruka mbali zaidi. Iringa nako ni juu, usiige vipimo vya pwani.

Bomba ni jeusi, kimo cha maji unakijuaje?
Bomba la sindano mwishoni mwa mpira. Mililita 24 zinapandisha sm 1, na kila sm 1 ndani ya eneo la foili ni takriban pikofaradi 10 (kipimo cha ukubwa wa kapasita).

Mimi niko Tukuyu, asubuhi ya ukungu inanisumbua.
Futa na nje pia, sehemu isiyo na foili. Mimi huwasha baada ya saa sita, jua likishakausha banda.