Kupunguza kelele kwenye amplifaya ya chaji ya BPW34

Wakuu, watu wengi wanajenga kipima mionzi ya gama kwa fotodayodi (dayodi inayohisi mwanga) ya BPW34 kwa sababu ni bei ndogo na haitaki volti mia nne kama tyubu ya Geiger, ila tatizo ni lile lile kila mahali, unawasha, unaangalia oskiloskopu, unaona kelele tupu, alafu unakimbilia kununua op-ampu (chipu ya kukuza ishara) ya gharama. Usikimbilie huko. Kelele ya saketi hizi karibu yote inaingilia sehemu moja, ule mguu wa dayodi unaokwenda kwenye ingizo la amplifaya, na hapo ndo pa kufanyia kazi kabla hela haijatoka.

Kwanza ujue unawinda kitu kidogo kiasi gani. Kwenye silikoni kila elektroni inayofunguliwa inakula kama eV 3.6 (eV ni kipimo kidogo cha nishati, keV ni elfu moja yake), kwa hiyo gama ya Americium-241 (chanzo cha mionzi cha kupimia) ya keV 59.5 ikiishia yote ndani ya dayodi inakupa elektroni kama 16,400 tu, sawa na 2.6 fC (femtokulombu, kipimo kidogo sana cha chaji). Amplifaya ya chaji inatoa volti ambayo ni chaji gawa kwa kapasita ya fidibeki (ile inayounganisha tokeo na ingizo), ukiweka 1 pF unapata 2.6 mV. Shika hiyo 2.6 fC kichwani maana vitu vingine vyote tunavipima nayo.

Mfano waya wa Arduino (bodi ndogo ya kuhesabu palsi) unaoruka kati ya 0 na 5 V ukipita karibu na mguu huo, hata kama kati yao kuna 0.001 pF tu, unarusha 5 fC, yaani karibu mara mbili ya mionzi yenyewe. Ndo maana boksi la chuma ni lazima. Kopo la bati linatosha kabisa, ila liunganishwe na graundi ya amplifaya kwa waya mfupi, na Arduino ikae nje ya kopo. Dirisha la dayodi lifunike kwa foili ya alumini, nayo iguse graundi, foili inayoelea hewani haisaidii kitu na inaweza kuongeza kelele. Alafu ivutwe ikaze. Dayodi ikiwa na bayasi (volti ya kinyume unayoipa) ya 9 V, foili ikicheza kidogo tu na kubadilisha kapasitensi kwa 0.001 pF unapata 9 fC, ndo pale unakuta mtu akifunga mlango kaunta inahesabu "mionzi". Kwa sababu hiyo hiyo kapasita za karibu na ingizo ziwe za aina ya NP0, zile za aina ya X7R zinasikia mtikisiko.

Mwanga nao. Hapa kuna kipimo kizuri ambacho watu wanakiruka: kama dayodi imeungwa moja kwa moja kwenye ingizo na rezista ya fidibeki ni 100 MΩ, chukua mita ya kawaida upime volti ya DC kwenye tokeo la op-ampu ukilinganisha na volti ya rejea. Gawa kwa 100 MΩ, umepata mkondo unaovuja. BPW34 ikiwa gizani na 10 V kawaida yake ni kama 2 nA, kwa hiyo utegemee kama 0.2 V. Ukiona volti mbili tatu, funika kila kitu kwa kitambaa kizito cheusi upime tena, ikishuka basi ni mwanga unapenya, pengine kwa nyuma ya dayodi au pembeni ya miguu. Isiposhuka ni uchafu au joto. Flaksi iliyobaki kwenye bodi inavujisha umeme vibaya sana, hasa hewa ikiwa na unyevu kama Dar au Mombasa, kwa hiyo osha kwa isopropili na brashi, acha ikauke vizuri, na usiguse tena kwa vidole. Wengine, na mimi nakubaliana nao, wanaunyanyua ule mguu wa ingizo wa op-ampu juu kabisa usiguse bodi, wanalehemu hewani dayodi, rezista na kapasita. Sura yake siyo nzuri lakini hewa haivuji.

Kwa nini uvujaji ni muhimu hivyo? Kwa sababu mkondo wa dayodi, hata ulio tulivu, unapita elektroni moja moja na hiyo inaleta kelele, jambo ambalo mwanafizikia Schottky alilieleza tangu 1918. 2 nA inatoa kelele ya kama 25 fA (femtoampia) kwa mzizi wa hezi. Rezista ya 100 MΩ kwa joto lake inatoa kama 13, ya 10 MΩ inatoa 40. Ukisoma hizo namba unaona kutoka 10 kwenda 100 MΩ ni faida kubwa, ila kuhangaika kutafuta 1 GΩ wakati dayodi yenyewe inavuja 2 nA hakukupi kitu, tena hiyo 2 nA itasukuma tokeo volti mbili nzima. Joto nalo, kila nyuzi kama 10 likipanda mkondo unaongezeka karibu mara mbili, kopo lisikae juani.

Sasa kapasitensi, na hapa ndo penye faida kubwa kuliko pote. Kelele ya volti ya op-ampu inakuzwa kwa kapasitensi yote iliyopo kwenye ingizo ukigawa kwa ile ya fidibeki. BPW34 bila bayasi ina kama 70 pF, ukiipa 3 V ya kinyume inashuka mpaka kama 25, ukiongeza inashuka zaidi. Waya wa koaksi una kama 100 pF kila mita, kwa hiyo mtu anayeweka dayodi huku na amplifaya kule mwisho wa waya kashajiharibia mwenyewe. Dayodi ikae milimita chache tu kutoka kwenye ingizo. Nimepiga hesabu ya karibu kwa shepa (kichujio kinachounda palsi) ya mikrosekunde 5: op-ampu ya TL072 yenye kelele ya 18 nV na jumla ya 85 pF inakupa kelele ya volti sawa na elektroni kama 4,000, ishara yako ni 16,400, haitoshi. Op-ampu ya 5 nV kama OPA1642 ikiwa na jumla ya 40 pF inashuka mpaka kama 540. Ona kwamba zaidi ya nusu ya kazi hiyo imefanywa na op-ampu, kwa hiyo sisemi isibadilishwe, nasema ile nyingine imepatikana bure kwa bayasi na waya mfupi. LM358 usiiweke kabisa, mkondo wake wa ingizo ni makumi ya nA.

Bayasi yenyewe lazima iwe safi. Ripo (mtetemo wa volti) ya 0.1 mV tu ikipita kwenye 25 pF ya dayodi ni 2.5 fC, umeshatengeneza gama feki. Tumia betri ya 9 V, usitumie chaja ya simu, na bayasi ipite kwenye 100 kΩ na kapasita ya filamu ya 1 µF, mara mbili mfululizo.

Shepa ni kichujio kimoja cha CR (kinakata mawimbi ya chini) na kimoja cha RC (kinakata ya juu). Muda mfupi unapunguza kelele ya mkondo ila unaongeza ya volti, muda mrefu kinyume chake, kwa namba zetu mikrosekunde 3 mpaka 10 ndo penyewe. Tokeo la amplifaya ya chaji linashuka kwa mikrosekunde 100 (100 MΩ mara 1 pF), kwa hiyo kama CR yako ni 1 nF na 4.7 kΩ, weka 100 kΩ sambamba na hiyo 1 nF, bila hivyo kila palsi itazama chini ya mstari na kuharibu inayofuata.

Ukimaliza pima, usikadirie kwa macho. Chukua mawimbi ya mraba ya 1 V, gawa kwa 100 upate 10 mV, pitisha kwenye 1 pF mpaka kwenye ingizo: hiyo ni 10 fC, elektroni 62,000. Tuseme palsi inatoka na urefu wa 100 mV na kelele bila palsi ni 1 mV RMS (ukubwa wake wa wastani), basi kelele yako ni elektroni 620. Fanya hivyo dayodi ikiwa imetolewa, kisha weka kapasita ya NP0 ya 22 pF badala yake, kisha rudisha dayodi. Kelele ikiruka kwenye hatua ya pili ni ya volti, ikiruka kwenye ya tatu ni uvujaji, mwanga au bayasi, na unajua pa kurudi.

Kizingiti cha kompareta (saketi inayoamua palsi ipi ihesabiwe) kiweke mara 5 au 6 ya hiyo RMS, kwa elektroni 620 mara 5 ni kama keV 11. Usikishushe zaidi kwa tamaa. Eneo la BPW34 ni milimita za mraba 7.5 tu, mionzi ya mazingira itakayohesabiwa ni michache sana kwa saa, kwa hiyo hata kelele feki chache zinatosha kuifuta hesabu yote.