Kucha na nyayo za sungura wako

Jamani kama ndo umeanza kufuga sungura hapa Dar, usisubiri kucha mpaka zijikunje. Ziko 18, mbele 5 kila mguu, nyuma 4, cheki kila wiki 4 mpaka 6. Mviringishe kwenye taulo utoe mguu mmoja tu, mulika kucha na tochi ya simu utaona mshipa mwekundu kwa ndani, kata kabla hujaufikia, kidogokidogo, na zile nyeusi ndo usiwe na haraka kabisa. Damu ikitoka bana na unga wa ngano. Nyayo sasa, hana ngozi ngumu kama mbwa, ni manyoya tu, banda la waya tupu linamchubua visigino, mtandikie nyasi kavu na mkojo usilale, hasa na joto letu hili.