Udongo au maji? Amua kabla hujatoboa ndoo

Saa tano usiku shemeji yangu alinitumia picha ya letusi zake. Majani machanga ya katikati yalikuwa ya njano, mishipa yake bado ya kijani, na chini ya picha ameandika: "Shemeji, nimeongeza mbolea mara mbili, ndiyo kwanza zinazidi." Sikuhitaji kuuliza mengi. Miche yangu 24 ya kwanza ilikufa ikiwa na sura hiyohiyo, nami niliizidishia mbolea hadi inakata roho.

Tatizo lake tulilimaliza kesho yake kwa simu. Kilichonikera ni kwamba alikuwa ameshanunua mabomba, pampu na taa kabla hajajiuliza kama anavihitaji. Huu hapa mpangilio wa kuchagua kati ya kupanda udongoni na kupanda kwenye maji yaliyotiwa virutubisho, ambao ningempa kama angeniuliza mapema.

Hatua ya 1: Anza na mmea, vifaa baadaye

Andika unachotaka kuvuna. Letusi, spinachi, mrehani, mnanaa na mboga nyingine za majani hupenda maji na hukua haraka humo. Karoti, viazi na chochote kinachovunwa chini ya ardhi, panda udongoni. Inawezekana kuvilazimisha, lakini utajichosha bure. Nyanya na pilipili hukubali kote kuwili, ila kwenye maji hunywa sana, hutaka virutubisho vikali zaidi na hukaa miezi mingi, yaani miezi mingi ya wewe kukosea. Kwa anayeanza, nyanya ni za udongoni.

Ukiwa umeandika karoti peke yake, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Hesabu jua

Kaa nyumbani siku moja uandike saa ambazo jua linapiga pale unapotaka kupanda. Mboga za majani zinataka jua la jumla ya saa 4 hadi 6 kwa siku, mimea ya matunda 6 hadi 8. Pakiwa na saa 2 tu, hakuna njia itakayokuokoa bila taa.

Hatua ya 3: Nani anaangalia mimea ukiwa hupo?

Kwangu hili ndilo swali linaloamua. Udongo una akiba. Chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia virutubisho na kuvitoa taratibu, kwa hiyo ukikosea leo, mmea utakulalamikia baada ya wiki, na una muda wa kurekebisha. Maji hayana akiba hiyo. Ulichotia ndicho mizizi inachokutana nacho, muda huohuo.

Mabomba yanayopitisha utando mwembamba wa maji chini ya mizizi ndiyo mabaya zaidi kwa mtu wa safari. Umeme ukikatika siku ya joto, mizizi huanza kukauka ndani ya saa chache. Ndiyo maana sipendi pampu kwa mtu anayeanza, na hili sitalibadilisha. Anayetaka maji aanze na ndoo isiyo na pampu kabisa, njia inayojulikana kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Nitaieleza huko chini.

Na ukiambiwa kilimo cha maji huzaa mara kumi ya udongo, tabasamu uendelee na shughuli zako. Ahadi hizo zilianza zamani. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyelitangaza jina haidroponiki mwaka 1937, na watu wakapagawa. Mwaka uliofuata wenzake wa chuo hichohicho, Hoagland na Arnon, walitoa ripoti yao: mazao ya kwenye maji hayakuwa bora kuliko ya udongo mzuri. Faida ya maji iko kwingine: unatumia maji machache, huna magugu wala udongo wa kubeba ngazini. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 30. Zipange kumi kwenye baraza la ghorofani uone kama utalala.

Hatua ya 4: Pima maji yako

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, kwa hiyo nivumilie.

Niliona njano nikasema njaa. Kosa la kwanza. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye majani ya zamani, ya chini, kwa sababu unakihamisha chakula kupeleka juu. Njano ikianzia kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki ya kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma. Na chuma huwa kimo tele ndani ya ndoo, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (namba ikipanda, asidi imepungua), imepanda. Kwenye maji unataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita hapo, chuma kinaanza kuganda na kuzama, na kuongeza mbolea ni sawa na kumwongezea chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Lakini kipimo changu kilisoma 6.2! Nikamwaga maji yote, nikasugua ndoo, nikachanganya upya. 6.2 tena. Nikabadilisha mbolea. 6.2. Jioni ndipo nilipokumbuka kichupa cha matone ya kupimia kilichokuwa kabatini. Nikadondosha matone, maji yakawa ya bluu. Bluu, kwa matone yale, ni juu ya 7.6. Kipimo cha kidijitali kilikuwa kimekauka ncha, na tangu kinunuliwe hakikuwahi kusawazishwa.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa matone. Hayana betri, na rangi haibishani. Ukipenda cha kidijitali, nunua pamoja nacho vimiminika vya kusawazishia vya pH 4 na 7, uvitumie mara kwa mara, na ncha uihifadhi kwenye kimiminika chake maalumu. Usiiloweke kwenye maji yaliyochujwa kabisa, yanaiharibu.

Sasa upimaji wenyewe. Chota maji unayokusudia kutumia, yaache wazi siku nzima ili klorini itoke. (Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii.) Pima EC, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka, kabla hujatia chochote. Chini ya 0.3 (kwa kipimo cha mS/cm) una bahati. Ikikaribia 1.0, mimi ningepanda udongoni au ningekinga mvua, kwa sababu nafasi ya virutubisho imeshajaa chumvi usizozihitaji, na huenda nyingi ni za sodiamu.

Kisha tia virutubisho, ndipo upime pH. Usipime kabla, maana virutubisho vyenyewe hushusha pH, na ukitangulia na asidi utapitiliza. Ikiwa bado juu, tia asidi tone kwa tone, koroga, pima, mpaka 5.8 hivi. Funika. Nenda kalale.

Asubuhi pima tena. Ikiwa imerudi juu ya 7, maji yako ni magumu: yana bikaboneti, ambayo hupambana na asidi yako na kutoka kama hewa ya ukaa, na iliyobaki inaendelea kupandisha pH. Dalili yake utakuwa umeiona jikoni, ule ukoko mweupe ndani ya birika. Rudia kutia asidi. Kwa maji ya wastani, siku ya pili au ya tatu pH inatulia. Isipotulia, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ambayo karibu hayana bikaboneti kabisa. Shemeji alikuwa hapa hasa. Aliishusha jioni, akaridhika, hakupima tena wiki tatu.

Asidi gani? Ya fosforiki inayouzwa kwa kazi hii. Limau na siki hushusha pH kweli, lakini bakteria huzila na baada ya siku chache umerudi ulikotoka. Maji ya betri ya gari usiyaguse. Vaa glavu, na siku zote asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi.

Na usigeuke mtumwa wa kipimo. Mimea ikichukua naitreti, pH hupanda polepole yenyewe, ni kawaida. Ikiwa kati ya 5.5 na 6.5, weka kipimo chini.

Maji yakikushinda hapa, hujashindwa kilimo. Umepata jibu lako: panda udongoni.

Hatua ya 5: Ukichagua udongo

Chombo chenye matundu chini, kina cha sentimita 20 kwa mboga za majani, lita 20 kwa kila mche wa nyanya. Changanya udongo wa juu na mboji iliyoiva, ongeza mchanga mnene ukiwa wa mfinyanzi. Mwagilia kidole kikiingia hadi kifundo cha pili bila kukuta unyevu.

Kokoto chini ya chungu, hapana. Najua ulifundishwa, hata mimi. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hutuama juu yake, na eneo la tope linasogea karibu na mizizi. Jaza udongo hadi chini.

Hatua ya 6: Ukichagua maji, ndoo bila pampu

Ndoo yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga. Ikipitisha, mwani utakuja, kwa hiyo ipake rangi nyeusi kwa nje. Toboa mfuniko, ingiza vikombe vyenye matundu, ndani yake sponji na mche wenye majani mawili matatu ya kweli. Kadiria lita 4 kwa kila letusi. EC ya 0.8 hadi 1.2 inatosha.

Virutubisho vije katika sehemu mbili, A na B. Tia A kwenye maji yote, koroga, ndipo B. Ukizichanganya zikiwa bado nzito, kalsiamu hushikana na fosfeti na salfeti, unapata unga mweupe chini na mmea unakosa vyote. Yurea na mbolea za chengachenga za shambani ziache huko. Yurea hutegemea bakteria wa udongoni kuibadilisha, na kwenye ndoo safi hawapo wa kutosha.

Siku ya kwanza maji yaguse kitako cha kikombe. Baada ya hapo yatashuka, na hapo ndipo mikono ya watu huwasha: usijaze tena hadi juu. Mizizi iliyobaki hewani imejizoesha kupumua, ukiizamisha inakufa. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo, nusu ya mizizi ibaki nje.

Weka ndoo kivulini, majani tu ndiyo yaone jua. Maji yakizidi nyuzi 25 hewa iliyoyeyuka hupungua na mizizi huanza kuoza: inakuwa ya kahawia, inateleza, inanuka. Mizizi mizuri ni myeupe. Ziba kila tundu lisilo na mche, la sivyo utafuga mbu.

Hatua ya 7: Kama bado huna uhakika

Panda letusi mbili siku moja, moja ndooni, moja kwenye chungu, pembeni kwa pembeni. Wiki 5 hivi zitakuambia kuhusu maji yako, jua lako na uvivu wako kuliko mimi. Shemeji amebaki na ndoo mbili za letusi, nyanya amezihamishia udongoni, na pampu anatafuta wa kumwuzia.

Maji yanayobaki baada ya kuvuna usiyamwage. Yachanganye na maji safi kiasi hichohicho, umwagilie vyungu vya udongo. Ndoo isugue kwa sabuni, isuuze, uianike juani hadi ikauke kabisa kabla ya miche mingine kuingia.