Jinsi ya kuchambua dokumentari ya familia yenye utata bila kuishia kuhubiri

Kuna kijana anasoma utangazaji kaniletea uchambuzi wake wa The Most Hated Family in America nimsomee kabla hajaupeleka kwa mwalimu. Kurasa sita. Nimezisoma zote na neno kamera sikuliona hata mara moja, kurasa sita nzima anawasema tu watu wa kwenye filamu. Namuelewa, maana wanaudhi kweli, ila si ndo kazi aliyopewa. Mi ni edita, kukata picha ndo ugali wangu, kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya mwenyewe, mwenye kufuata afuate.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya BBC ya mwaka 2007, mtengenezaji wake na mtangazaji Louis Theroux alikaa kama wiki tatu na familia ya Phelps huko Topeka, Kansas. Hao ndo wenye Westboro Baptist Church, kanisa alilolianzisha babu yao Fred Phelps mwaka 1955, wakati huo waumini kama 70 tu na wengi ndugu wa damu, wamejulikana dunia nzima kwa kwenda na mabango kwenye misiba ya wanajeshi waliokufa Iraq wakisema Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuvumilia mashoga. Umeona? Sentensi mbili. Utangulizi wako usizidi hapo.

Hatua ya 1: iangalie mara moja bila kalamu

Simu weka mbali, usisimamishe. Ukimaliza ndo uandike haraka haraka wapi uliudhika, wapi ulicheka, wapi ulimhurumia mtu ambaye hukutaka kumhurumia. Hiyo ya tatu ndo dhahabu, maana hapo edita amekupata na wewe hukumuona akipita.

Hatua ya 2: zima sauti, iangalie tena

Sasa piga vijistari kwenye karatasi kila Theroux anapoonekana ndani ya fremu, yaani ndani ya picha. Utachoka kupiga. Hapo ndo utajiuliza kama kweli hii ni dokumentari ya uangalizi kama wengi wanavyoiita. Uangalizi wenyewe ulishika kasi miaka ya 1960 kamera zilipokuwa nyepesi na sauti ikaweza kunaswa papo hapo pamoja na picha, mtengenezaji akawa anakaa pembeni, haulizi, hapangi, anasubiri mambo yajitokeze. Bill Nichols, yule msomi aliyegawa dokumentari kwenye aina sita, anautenganisha uangalizi na ushiriki, na ushiriki ndo pale mtengenezaji anapoingia mwenyewe kwenye mazungumzo. Hii filamu inacheza kote kote. Kipimo changu ni cha kienyeji tu: hiki ninachokiona kingetokea kamera isingekuwepo? Maandamano ya barabarani yangetokea, wale walikuwa wanaandamana karibu kila siku. Theroux kumkalia mama wa watu anamuuliza kama hana huruma na wafiwa, hicho kisingetokea.

Hatua ya 3: daftari la shoti (vipande vya picha kati ya mkato na mkato), lakini chagua dakika tatu tu

Ukitaka kuorodhesha filamu nzima utaacha njiani, nakuhakikishia. Chukua tukio moja, chora safu tano: muda, kinachoonekana, anayeongea, kinachosikika nyuma, na shoti inayofuata.

Mi huwa nachagua tukio la kikombe. Familia imesimama barabarani na mabango, watoto wamo, gari inapita na mtu anarusha kikombe kikubwa cha kinywaji kinampiga mtoto mdogo kichwani. Mpaka muda huo wao ndo wachokozi, wao ndo wanaoumiza wafiwa, halafu ghafla aliyeumia ni mtoto ambaye bango lenyewe hajalitunga yeye. Sasa rudisha nyuma uandike: kamera inaenda wapi kwanza, kwa mtoto, kwa mzazi au kwa gari? Theroux anachukua muda gani kabla ya kusema kitu? Shoti inabaki kwa sekunde ngapi baada ya kilio? Na swali kubwa kuliko yote, kwa nini tukio limewekwa pale lilipo na si dakika ya tano? Lingekuwa mwanzoni ungewaonea huruma tangu mapema na filamu ingekuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 4: sikiliza bila kuangalia

Geuza kompyuta, sikiliza tu. Tenganisha sauti mbili za Theroux: ile aliyoongea palepale, na ile ya msimulizi iliyorekodiwa baadaye baada ya kufikiri. Ya kwanza ni ya mtu mpole anayeuliza kama hajui, ya pili inajua. Ukizichanganya uchambuzi wako wote umekwenda maji.

Halafu sikiliza ukimya. Kazi yangu ya kwanza nilimhoji mzee mmoja, kila akisema neno mi nadakia "eeh, sawa, sawa kabisa", nilipofika mezani kukata sikupata hata sentensi moja safi, sauti yangu imejaa kila mahali kama nzi kwenye embe. Theroux anauliza, anajibiwa, ananyamaza. Mtu akiona kimya anaongeza maneno, na hayo ya kuongeza ndo yanaingia kwenye filamu.

Angalia mahojiano na babu mwenyewe. Anaulizwa ana watoto wangapi, swali la kawaida kabisa, hata kwenye daladala unaulizwa, anagoma kujibu. Mahojiano yameharibika, edita mwoga angeyatupa. Wao wameyaacha, na kule kugoma kukatueleza mengi kuliko ambavyo idadi ingetueleza.

Hatua ya 5: tafuta kichekesho kimejengwaje

Kuna siku wanaenda kuandamana kwenye duka linalouza mashine za kufyonza vumbi zilizotengenezwa Sweden, sababu Sweden ilimshitaki mchungaji kwa mahubiri yake. Hakuna muziki wa kukutekenya. Wanaachwa waeleze wenyewe, polepole, mpaka mwisho. Andika hivyo hivyo: kichekesho kinatoka kwenye kuacha, si kwenye kuongeza.

Hatua ya 6: nani anamtumia nani

Hapa usikimbie. Watoto wadogo wanaulizwa maana ya mabango waliyoshika na majibu yanababaika. Mzazi karuhusu, sawa, ila mtoto je? Upande wa pili familia nao wanaipenda kamera, ni mimbari ya bure. Na mmoja wa waumini wanaoonekana alikwenda pale miaka ya nyuma kutengeneza dokumentari yake kuhusu hao hao, akaishia kuhamia na familia yake! Hiyo peke yake inatosha insha.

Tahadhari moja. Binti mmoja anayeonekana mle, Megan Phelps-Roper, aliondoka kanisani mwaka 2012, na ukishajua hilo kila akitabasamu unaona dalili. Usiandike kwamba filamu ilitabiri. Wewe ndo umeleta hiyo habari kutoka nje.

Hatua ya 7: andika

Kila aya iwe na mbinu, dakika yake, na ilichokufanyia. Kijana wangu aliandika "hawa watu hawana utu". Tukaibadilisha: "shoti inabaki kwa mtoto baada ya kupigwa, hivyo hasira yetu inakosa pa kwenda." Kazi imerudi jana, kurasa tatu, kamera imetajwa mara kumi na moja. Ukurasa wa mwisho bado anamsema babu, nimemwachia.