Kugandisha chakula kwenye makopo ya aiskrimu

Kopo tupu la aiskrimu la lita 2 linafaa sana kugandishia maharage, mbaazi au supu ya pweza, mradi ikumbukwe kwamba limetengenezwa kupokea kitu baridi. Makosa mengi yanatokana na kulitia kitu cha moto.

Hatua ya 1: Chagua kopo

Geuza uangalie pembetatu yenye namba chini ya kopo. Namba 2 na 4 zinastahimili baridi vizuri. Namba 5, iliyo kwenye makopo mengi ya aiskrimu na siagi, ni salama kwa chakula lakini hukakamaa ndani ya friza na hupasuka ikianguka, basi litoe kwa mikono miwili. Namba 3, 6 na 7 ziache. Vikombe vyepesi vya namba 6 hupasuka kwa kubonyezwa tu.

Chombo kilichowahi kutiwa rangi, mafuta ya taa au dawa ya wadudu hakirudi jikoni hata kikioshwa mara kumi. Plastiki hunywa kemikali na kuzitoa tena polepole, hasa chakula kikiwa na mafuta.

Tia maji kwenye kopo, funika, lipindue juu ya sinki. Likivuja, litapitisha hewa, na chakula kitakauka na kufanya mabaka meupe.

Hatua ya 2: Osha

Maji ya uvuguvugu, sabuni, sponji laini. Usitumie steelwire, kwani bakteria hujificha kwenye mikwaruzo. Rangi ya manjano iliyoganda kwenye plastiki haidhuru. Likaushe kabisa.

Hatua ya 3: Poza haraka

Hapa ndipo chakula kinapoharibika. Kikishatoka jikoni kisikae nje zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, kama siku nyingi za kaskazi, kikomo ni saa 1. Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo bakteria wanalolipenda. Wali na pilau vinataka hadhari zaidi: mbegu za bakteria wake hazifi kwa kupikwa, na sumu wanayoitoa haiondoki ukipasha moto tena.

Weka sufuria ndani ya beseni la maji, tia chupa mbili tatu za maji yaliyoganda, na koroga kila baada ya dakika chache. Maji ya beseni yakipata joto, yabadilishe. Shika sufuria kwa nje: ikiwa baridi, hamishia chakula kwenye makopo, kina kisizidi sentimita 7.

Hatua ya 4: Jaza, bakisha nafasi

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kama asilimia 9. Bakisha sentimita 2 hadi 3 kwenye kopo la mdomo mpana, 4 kwenye chombo chembamba. Kopo lililojazwa pomoni husukuma mfuniko au hupasuka pembeni.

Mchuzi wa nazi hukatika ukiganda. Ukichemka tena huku unakorogwa, hurudi. Ila ni bora zaidi kugandisha mchuzi bila kasimile (tui zito la nazi) na kuitia siku ya kula. Mbatata zitoe, kwani huwa kama sponji.

Jodari na vibua vigandishwe siku ile ile vilipovuliwa. Vikikaa kwenye joto hufanya histamini, ambayo baridi haiiondoi wala moto.

Hatua ya 5: Gandisha

Bandika teipu ya karatasi, andika chakula na tarehe. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Panga makopo yakiwa yameachana. Yapandanishe baada ya saa 24. Plastiki hii ni nyembamba, kwa hiyo mchuzi uliwe ndani ya miezi 2 hadi 3.

Kiza cha kukosa umeme miezi mitatu kama kile cha Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hakihimiliwi na friza yoyote. Umeme ukikatika kwa muda mfupi, usifungue: friza iliyojaa hushika baridi kwa kama saa 48, iliyojaa nusu, saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta imezama chini, chakula kiliyeyuka kikaganda tena, kitupe.

Hatua ya 6: Toa

Usipashe moto ndani ya kopo, si kwenye maikrowevu wala juu ya mvuke. Mwagia chini yake maji ya bomba kwa dakika moja, pinda kingo taratibu, donge litadondoka kwenye sufuria. Pasha kwa moto mdogo, kisha chemsha hadi katikati itokote. Ukitaka liyeyuke kwanza, liache kwenye friji usiku kucha juu ya sinia, si mezani.

Kopo likianza kuwa jeupe kwenye pembe au mfuniko ukalegea, usiligandishie tena chakula, lifanye la kuwekea vibanio vya nguo.