Shingo imekaza na msimu wa korosho ndo kwanza umeanza? Ichue hivi

Kuanzia Oktoba huku Mtwara makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wahasibu, watu wa maghala, wote shingo zinawakaza, maana unainamia daftari na simu toka asubuhi mpaka usiku alafu ukilala bega halikubali kulaliwa. Wengi wanameza panadol tu. Mi nawaambia kila siku, usisubiri mpaka ushindwe kugeuka ndo utafute mtu wa masaji, jizoeshe mara mbili kwa wiki, dakika kumi na tano zinatosha kabisa.

Oga maji ya moto kwanza, misuli ilegee. Mafuta ya nazi yanafaa, ya ufuta pia, na ufuta Lindi umejaa kwaiyo huna sababu ya kununua vichupa vya bei. Yapashe viganjani, usimwage mgongoni yakiwa ya baridi. Mwambie mwenzio ashike ile nyama iliyopo kati ya shingo na bega, abonyeze taratibu kwa kidole gumba kama sekunde ishirini, aachie, asogee kidogo, na pale penye kidonge kigumu akae zaidi ila asiongeze nguvu, yani iume lakini bado unapumua vizuri, ukianza kubana pumzi ujue kazidisha. Akishuka mgongoni apite pembeni ya uti wa mgongo, juu ya mfupa wenyewe hapana, na mbele ya shingo asiguse. Kama unaishi mwenyewe weka mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta, ujiegemeze uusogeze polepole.

Utakachopata ni maumivu ya shingo na kiuno kupungua kwa muda, mwili kutulia na usingizi kuja kirahisi. Hayo ya kutoa sumu mwilini msidanganyike, hiyo kazi ya figo na ini. Na ukirudi kukaa vilevile masaa nane maumivu yanarudi, kwaiyo inuka kila baada ya nusu saa utembee hata mpaka mlangoni.

Kitu kinachoniumiza roho ni kwa vinyozi, ukishanyolewa anakukanda kichwa vizuri alafu ghafla anakuzungusha shingo ilie kwa! Kataeni jamani. Ni mara chache lakini mshipa wa damu shingoni unaweza kuchanika ukapata kiharusi, mwambie mapema, kaka shingo usivunje.

Ukiwa na homa, kidonda au umevunjika usichuliwe hapo. Ganzi inayoshuka mguuni au mkononi, nenda hospitali. Na ukishuka kwenye basi la Dar baada ya kukaa siku nzima ukaona mguu mmoja umevimba, una moto na unauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, usikubali mtu auchue hata kama ni bibi yako mwenye mkono mzuri, inaweza kuwa damu imeganda na ukiisukuma inakimbilia mapafuni. Nenda hospitali ya Ligula usiku huohuo.