Umepata ajali ya gari, maumivu yamekuja baadaye na hela huna? Anzia hapa

Mimi nilikuwa abiria kwenye bajaji, gari dogo likatugonga kwa nyuma, nikashuka nikajikung'uta vumbi nikasema niko poa, dereva wa hilo gari akanipa elfu ishirini ya soda tukaachana. Siku ya nne naamka shingo haigeuki, vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi na ndani hakuna hela. Najua wengi hapa Tanzania wakifika hapo wanabaki nyumbani wanachuliwa mafuta, kisa wanaogopa kuambiwa lipia kwanza.

Sasa, kama kichwa kinazidi kuuma, unatapika, unasinziasinzia, tumbo limekaza, mkojo una damu, au mkono au mguu umeisha nguvu, nenda dharura hospitali ya serikali saa hiihii hata kama ajali ina wiki. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na malipo vinafuata, ndugu waliokupeleka wasimamie hilo kwa heshima ila wasilegee.

Kama si dharura anzia polisi, kituo cha eneo ajali ilipotokea. PF3 ni bure. Watakuuliza mbona umechelewa, sema ukweli kwamba maumivu yalikuja baadaye, taja siku, saa na namba ya gari. Mimi namba sikuwa nayo, ikabidi nimtafute yule wa bajaji kijiweni kwake, kumbe alipiga picha gari lile sababu taa ya nyuma ya bajaji yake ilivunjika, hiyo picha ndo iliniokoa.

Hospitali dirishani waliniambia eksirei hela kwanza. Usigeuke kurudi nyumbani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Hospitali za serikali zina afisa wa kazi hiyo, anakuhoji unaishi na nani, unafanya kazi gani, nani anaweza kukusaidia, alafu anaweza kukuombea msamaha au utibiwe sasa ulipe kidogokidogo. Nenda na barua ya serikali ya mtaa, inarahisisha sana. Na usione aibu kusema kwamba huna, mimi nilijifanya ninazo kidogo nikapoteza asubuhi nzima. Kama una bima ya afya ulizia hiyo kabla ya yote, na kama uligongwa ukiwa kazini mwambie mwajiri haraka, ajali za kazini zina mfuko wake, WCF, unaolipia matibabu.

Ukiingia kwa daktari, hapa ndo wengi tunakosea, usiseme tu "shingo inauma". Sema niligongwa na gari tarehe fulani, maumivu yalianza siku fulani, mwombe aandike hivyo kwenye faili na kwenye PF3. Asipoandika ajali, kesho watu wa bima watakuambia hiyo shingo umeilalia vibaya. Tunza kila risiti, hata ya panadol, hata nauli andika kwenye daftari.

Bima ya gari lililokugonga, hata ikiwa ile ndogo ya third party, kazi yake ni kumlipa aliyeumizwa kama wewe. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, utaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani, kisha uandike barua ya madai na kuambatanisha PF3, ripoti ya polisi, ya daktari na risiti. Hawalipi leo wala kesho, ndo maana ustawi wa jamii nimeutanguliza. Wakikuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakamani una miaka 3 tangu siku ya ajali.

Ile elfu ishirini haikunifunga sababu sikusaini kitu. Lakini kuna watu wanapewa laki kituoni, wanaandikishwa kwamba tumemalizana, hata wiki haijaisha mguu umevimba. Ukishinikizwa sema nasubiri daktari. Na hata kampuni ya bima ikikuletea karatasi ya malipo ya mwisho, muulize kwanza daktari kama matibabu yako yameisha kweli, akisema bado, usisaini.